Bima Imefika Ukomo, na Chumbani kwa Baba Kuna Mpangaji

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kwanza shikamoo kama umri wako unaruhusu, kama hauruhusu basi pokea habari za kazi, maana kwenye picha ya gazeti umevaa miwani mikubwa na nimeshindwa kukukadiria.

Mimi ni mtoto wa katikati kati ya watoto watatu, nashona mapazia, nina wanangu wawili, mume wangu tuliachana bila kurushiana vyombo, naishi nyumbani kwa baba, ghorofani, pamoja na mdogo wangu wa mwisho na mkewe, na shida yangu ni kampuni ya bima, ambayo imetutendea unyama nisioweza kuuelezea, na nataka uniambie watu kama hao wanashtakiwa wapi.

Baba yetu alikuwa mwalimu wa michezo, na mwisho wa wiki alikuwa anachezesha mpira, ndiyo maana mpaka leo mtaa mzima unamwita Refa, hata watoto ambao hawajawahi kumwona na filimbi. Mwaka huu alipata kiharusi akiwa anafunga kamba za viatu, mkono na mguu wa kushoto vikagoma, hospitali wakamtibu, kisha wakamhamishia kituo cha utengamao, yaani pale wanapomfundisha mtu upya kusimama, kuvaa shati na kushika kijiko. Bima inayolipia ni ya kazini kwa kaka yetu mkubwa, yeye ni mhasibu, na kazini kwao wanaruhusiwa kuandikisha mzazi. Tulifurahi sana, yeye zaidi, maana tangu hapo hakuna kikao cha familia alichokaa bila kutukumbusha bima ni ya nani.

Sasa mshauri, bima hiyo ina ukomo. Wanalipia wiki kadhaa, zikikaribia kwisha anakuja mkaguzi kumwangalia mgonjwa. Akiona haponi kabisa, wanakata, wanasema kukaa kwake pale hakuna faida. Akiona amepona, wanakata vilevile, wanasema hakuna haja. Wanamwongezea muda yule tu ambaye anapona lakini hajapona. Kaka akatuandikia kwenye grupu la familia kwamba baba anatakiwa apate nafuu ya kiasi.

Kazi ya kumfundisha baba nafuu ya kiasi nikapewa mimi, kwa sababu kaka ana mikutano na mdogo wetu ana mgongo. Nikaenda Jumapili na nguo zake safi, nikamkuta amekaa kwenye kiti chake anamwangalia mgonjwa mwenzake anavyotembea na kumsahihisha. Nikamweleza kwa upole kwamba mkaguzi akimwambia asimame, asimame, lakini ayumbe kidogo, na akiambiwa atembee mpaka dirishani, aishie katikati aombe kupumzika. Baba alinisikiliza amefumba macho. Halafu akaniuliza, "Unataka nijiangushe?"

Nikamwambia si kujiangusha baba, ni kusitasita. Mshauri, huyu ni mtu ambaye miaka yote ya kuchezesha mpira hakuna alichokichukia kama mchezaji anayegaagaa chini ameshika goti ambalo halijaguswa na mtu. Nilitakiwa kujua. Lakini alinyamaza, na mimi nikahesabu amekubali.

Mkaguzi alikuja, dada mmoja mpole, viatu vyake havina kelele, unashtukia tu yuko nyuma yako. Baba alikuwa amenyoa ndevu na kuchomekea shati. Akaambiwa asimame, akasimama. Akaambiwa atembee mpaka dirishani, akaenda, akageuka, akarudi, mkongojo ameushika kama mtu aliyeombwa amshikie mwenzake. Akaambiwa afunge vifungo vya shati, akajibu kwamba vimeshafungwa, amevifunga mwenyewe, akitakiwa atavifungua avifunge tena. Mtaalamu wake wa mazoezi alikuwa amesimama pembeni anatabasamu kama mzazi kwenye mahafali. Mimi nilikuwa nyuma ya mkaguzi namkonyeza baba mpaka jicho likaanza kutoa machozi, mkaguzi akageuka akaniuliza kama jicho langu lina shida, na kabla sijajibu baba akamwambia, "Huyo ni binti yangu. Alinifundisha kuyumba, lakini mimi siyumbi."

Nilitamani sakafu inimeze. Yule dada hakusema kitu, aliandika tu, na watu wanaoandika bila kusema kitu ndio wanaonitisha zaidi. Kisha akamuuliza baba kuhusu nyumbani, kama kuna ngazi. Baba akamwambia, tena kwa kujivuna, kwamba nyumba ni ya ghorofa lakini chumba chake kiko chini, akitoka mlangoni tu anaingia bafuni, hahitaji kupanda popote. Mkaguzi akafurahi, akasema wagonjwa wote wangekuwa na chumba kama hicho kazi yake ingekuwa rahisi. Akaandika kwamba mzee anaweza kurudi nyumbani, na bima italipia mpaka Ijumaa ijayo, basi.

Hapo kuna jambo dogo sijalitaja. Hicho chumba kina mpangaji. Haikuwa kwa ubaya, mshauri, baba alipokuwa bado hospitali kaka alisema chumba kinakaa bure, na kuna fundi simu mmoja mstaarabu anatafuta mahali penye dirisha linaloangalia barabara, basi akaingia, akaweka kibao chake dirishani na meza ya kazi pale kilipokuwa kitanda cha baba, nami nikamshonea pazia. Kitanda tumekisimamisha koridoni. Ilikuwa ni kwa muda tu. Baba hajui. Tulikubaliana tumwambie wakati mzuri ukifika, na wakati mzuri haujafika.

Kaka anasema baba atalala juu, kwenye kile chumba ambacho sasa hivi kimejaa masanduku ya kaka na mashine yake ya kukimbilia ndani. Lakini ngazi zetu ni zile za kupinda, hata mimi nikiwa na ndoo napanda ubavuubavu, na mtaalamu wa mazoezi amesema kupanda ngazi bado. Ndiyo maana tulitaka ile nafuu ya kiasi, ili bima itupe nafasi ya kufikiri.

Baba alipomwambia mkaguzi habari za chumba, alinigeukia nimuunge mkono. Nikasema ndiyo, chumba kiko chini. Na si uongo, chini kweli kipo.

Sasa kila nikienda kumwona ananipa maagizo, nitie mafuta bawaba za mlango maana zinalia, nisogeze kitanda karibu na swichi ya taa asije akahangaika gizani, nisiweke zulia maana mguu utakwama. Mimi naitikia. Jana ameniuliza kama bawaba zimenyamaza, nikamwambia zimenyamaza.

Kwa hiyo naomba unijibu, je, hawa watu wa bima wanaweza kulazimishwa waongeze muda? Je, kuna namna ya kumfanya baba amwambie mkaguzi kwamba siku ile alijitutumua tu lakini hali yake bado? Na la mwisho, kama nafasi gazetini haitoshi unaweza kuliacha, je, ni lazima baba aambiwe kabla, au akifika akajionea mwenyewe mshtuko utakuwa mdogo?

Ni mimi,
Binti wa Katikati

*

Binti wa Katikati,

Marahaba. Miwani ni ya kusomea barua kama yako, ambayo inapiga kelele ukurasa mzima kuhusu bima, halafu inapita na baba yako kimyakimya mlango wa nyuma.

Nianze na pongezi. Nimekaa kwenye safu hii muda mrefu, nimepokea malalamiko ya watu ambao wagonjwa wao hawakupona. Yako ni ya kwanza ya mgonjwa aliyepona bila idhini ya familia. Mzee ameufundisha mguu wake upya, amefunga vifungo kwa mkono uliokuwa umelala kama soksi, ametembea mbele ya mgeni bila kuyumba, na wanawe wameketi kutafuta pa kushtaki.

Na huo unyama wa bima nimeutafuta kwenye barua yako mara mbili. Nilichokiona ni kampuni iliyolipa kila ilichoahidi kulipa, ikatuma mtu, mtu akamwona mzee anatembea, akaandika kwamba mzee anatembea. Ukomo ulikuwepo tangu siku kaka yako anaweka saini. Yeye ni mhasibu, nadhani tarakimu akizikuta mahali huwa anazisoma. Mlipewa wiki nzima nzima za kuandaa chumba cha mgonjwa. Mkaandaa, nakubali. Mkakiandalia hadi pazia.

Usikasirike, najua na mengine. Kaka ana mikutano, mdogo ana mgongo, na wewe una mdomo usiojua kusema hapana, ndiyo maana nguo safi unapeleka wewe, maagizo unapokea wewe, na uongo umebebeshwa wewe. Chumba alikigawa mwingine, anayeulizwa habari za bawaba ni wewe. Ni mzigo mzito na nakuonea huruma. Lakini walioniandikia si kaka yako wala mdogo wako, kwa hiyo maneno makali utayapata wewe, hayo nayo ongeza kwenye mzigo.

Kwa kuwa Ijumaa yenu haingengoja gazeti, nilikupigia kwenye namba uliyoiandika nyuma ya bahasha. Wasomaji waelewe kwamba ulibisha, ukalia, ukabisha tena, na mwishowe ukaniruhusu niwaeleze yaliyotokea. Nawaeleza.

Swali lako la pili nililijibu kwanza. Hapana. Huwezi kumwomba mtu aliyejifunza kusimama akaombe radhi kwa kusimama. Na fikiria kidogo, ulimpelekea ombi hilo mtu aliyetumia maisha yake kuwaambia watu wazima wainuke waache maigizo. Afadhali ungemwomba aruke kamba.

La kwanza nalo likajibika. Bima hailazimishwi kwa kudanganywa, lakini inaweza kuulizwa. Nilikuambia umpigie yule dada mkaguzi umwambie kitu ambacho hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa amemwambia, yaani ukweli. Kwamba chumba alichokisikia kipo ila kina mtu, kwamba mzee mwenyewe hakujua aliposema, na wewe ulijua. Kisha umuulize kama baada ya ukomo wa kulala kituoni kuna kitu kingine bima inalipia. Ulipiga. Usiku wa kulala haukuongezwa, ukomo ni ukomo. Ila akakuambia kwamba mtaalamu wa mazoezi anaweza kumfuata mzee nyumbani kwa kipindi fulani, kwa bima hiyohiyo, na kwamba jambo hilo limo tangu mwanzo. Limo kwenye kurasa ambazo mhasibu wenu bado hajazifikia. Mikutano ni mingi.

Limebaki lile la mwisho, ambalo kwa ukarimu wako uliniruhusu niliache.

Nilikuambia uende siku hiyohiyo, ukae chini, umwambie kwa mdomo wako, sio kwa simu, sio kwa kutumwa na grupu. Ukaenda ukitoka kazini, nyuzi zimeganda kwenye sketi. Ukamkuta kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi, ukamwambia yote, chumba, fundi simu, kitanda kilichosimamishwa koridoni, bawaba ambazo hukuzigusa. Ulitegemea afoke. Ulikuwa umejiandaa kufokewa, uliniambia hivyo. Hakufoka. Aliuliza pazia la fundi nani kashona. Ukasema ni wewe. Akakaa, akaunyoosha mguu wa kushoto, akaukunja, kama anavyofundishwa. Kisha akakuambia, "Kumbe mliponiambia nijiangushe haikuwa habari ya bima."

Hapo sina kejeli ya kuongeza. Huyo mzee alifikiri wanawe wanataka kuidanganya kampuni. Hilo lilimuudhi akalikataa hadharani, na moyo wake ukabaki safi. Siku uliyokaa naye benchini ndiyo aliyojua kwamba wanawe walikuwa wanatafuta mahali pengine popote pa kumweka.

Uliomba radhi, vizuri. Mara moja inatosha. Usimwamshe kila asubuhi na radhi mpya kama dawa, atachoka kukufariji.

Sasa sikilizeni alichofanya Refa, maana watoto watatu, mmoja wao mhasibu, hawakukifikiria. Aliomba namba ya fundi simu. Wakazungumza kirefu. Ikajulikana kwamba fundi hana haja na chumba kile hasa, ana haja na dirisha la barabarani mchana na mahali pa kulala usiku. Sebuleni kwenu, hapohapo chini, kuna dirisha la barabarani. Juu kuna chumba. Fundi ana miguu miwili ambayo haijapata kiharusi. Wakakubaliana meza ihamie sebuleni, godoro lipande juu, na kitanda cha mzee kirudi kwake. Fundi hakukosea kitu chochote hapa, alionyeshwa chumba akakilipia, kwa hiyo asitazamwe vibaya na asipandishiwe kodi kwa kisingizio cha usumbufu. Tena shukuruni. Mchana nyote mkiwa makazini, mdogo wako na mgongo wake akiwemo, mtu atakayemsikia mzee akiita ni huyo mliyemleta kukalia chumba chake.

Kaka yako, uliniambia, ameandika kwenye grupu kwamba kuna mtu atahitajika kumsaidia kuishusha mashine ya kukimbilia. Usijibu. Najua kidole kinakuwasha, usijibu. Mashine ni yake, ngazi za kupinda anazijua, na kama mwanzoni aliona zinamfaa mtu aliyepata kiharusi, basi mhasibu mzima hazitamshinda. Na akija na pendekezo jingine la familia, mwambie alipeleke mwenyewe kituoni, kwa miguu yake, amweleze baba uso kwa uso. Utaona mapendekezo yatakavyopungua.

Kuhusu kituo, narudia nilichokuambia kwenye simu: kabla ya Ijumaa nenda siku moja wakati wa mazoezi, ukae uangalie. Mwambie mtaalamu akufundishe namna ya kumwinua baba akianguka, na namna ya kumwacha ajiinue mwenyewe, maana hiyo ya pili itakushinda zaidi. Uliza vitu gani viondolewe sakafuni. La zulia mzee ameshakuambia, na sasa mnajua kwamba akisema jambo huwa analijua.

Na bafuni. Nunua vyuma vya kushikilia, vile vinavyofungwa ukutani, kimoja pembeni ya choo na kimoja pale anapooga. Usitundike kamba, usitumie mpini wa kabati la zamani, usimwachie mdogo wako aseme atafunga wiki ijayo. Tafuta fundi ujenzi, augonge ukuta kwanza asikie kama umeshiba au una uwazi ndani, kisha afunge. Fundi akiondoka, kabla baba hajavigusa, vua viatu, vishike kwa mikono yote miwili, ning'inia wewe.